Umleavyo Sivyo Asemavyo

Kuna methali ningependa tuipumzishe. Siifuti. Imetulea wengi, na bado ina kazi yake pale mtoto anapomjibu mkubwa ovyo au anapodokoa nyama jikoni. Lakini "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" imeingia mahali isipohusika. Imeingia kinywani mwa mtoto wa miaka minne asiyeweza kuunga maneno mawili, na ikishaingia humo haimtazami tena mtoto. Inamgeukia mama yake.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika isimu. Ninachosoma ni sababu za matatizo ya lugha kwa watoto: kwa nini mtoto mwenye akili zake, aliyezaliwa katika nyumba yenye watu na maneno, anafika umri wa kuanza shule bila kuweza kusema sentensi ambayo mdogo wake anaisema. Nikiitaja mada hii kwenye daladala, harusini, hata koridoni chuoni, ni nadra mtu kuniuliza nimegundua nini. Watu wananiambia. Sababu wanazo tayari. Simu. Katuni. Mama anafanya kazi, mtoto kaachiwa dada wa kazi. Mama hafanyi kazi, lakini hana habari na mtoto. Nyumba ina lugha mbili. Nyumba ina lugha tatu. Kimeo. Mkono wa mtu. Orodha ni ndefu, ila ukiisikiliza vizuri utaona kwamba karibu kila kilichomo kinaishia kwa mtu mmoja, naye ni yule aliyembeba tumboni.

Hoja yangu ni hii: tumekuwa tukitafuta mkosaji na kumwita sababu. Mkosaji hutafutwa ili alaumiwe, na akishapatikana utafutaji unakwisha. Sababu hutafutwa ili tujue la kufanya, na ikishapatikana ndipo kazi inapoanza. Jamii inayochanganya vitu hivi viwili itakuwa na akina mama wengi wenye hatia na watoto wengi wasiosaidiwa. Ndipo tulipo.

Tuanze na kinachojulikana, maana ni kingi kuliko tunavyodhani. Kuna watoto wanaosikia vizuri, hawajawahi kuumia kichwa, hawana usonji, wana akili ya kumshinda kaka yao kwenye bao, ila lugha inawagomea. Hawaokoti maneno kwa kasi ya wenzao. Sentensi ndefu inawapotea katikati. Ukiwaambia "kabla hujavaa viatu, niletee ndoo", wanavaa viatu na kusimama hapo wakikutazama. Mwalimu anaandika kwenye ripoti: mzembe, hasikilizi. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya watoto 7,000 wa chekechea katika majimbo ya kati ya Marekani, na waliokuwa na tatizo hili walikadiriwa kuwa asilimia 7.4. Mwaka 2016 uchunguzi mwingine mkubwa, wa Surrey nchini Uingereza, ulikuta karibu asilimia 7.6. Ni watoto wawili katika darasa la watoto thelathini. Kama uwiano wetu unakaribia huo, basi katika darasa la watoto themanini, na madarasa ya namna hiyo tunayajua, wamekaa watano au sita. Wengi wao wako nyuma, karibu na dirisha.

Pamoja na wingi huo, ni tatizo lisilo na mashabiki. Mwanasaikolojia wa Oxford, Dorothy Bishop, mwaka 2010 alilinganisha matatizo mbalimbali ya ukuaji wa watoto na kiasi cha utafiti unaofanywa kuhusu kila moja. Tatizo la lugha lilipata utafiti mdogo mno ukilinganisha na idadi ya watoto walio nalo na uzito wa shida zao. Hiyo ni Ulaya na Marekani, kwenye fedha. Huku kwetu hata jina halijatulia. Tunasema "amechelewa kusema", kana kwamba lugha ni basi la mkoani na mtoto atapanda linalofuata.

Sasa, sababu. Kwa watoto hawa, chanzo kinachoonekana wazi zaidi kimo katika damu. Mapacha wanaofanana, wanaorithi jeni zilezile, hufanana pia katika tatizo hili kuliko mapacha wasiofanana, ingawa jozi zote mbili hulelewa nyumba moja na mama mmoja. Kama malezi ndiyo yangekuwa yanaamua, tofauti hiyo isingekuwepo.

Kisa maarufu zaidi ni cha familia moja ya London, inayojulikana vitabuni kwa herufi mbili tu, KE. Katika vizazi vitatu, karibu nusu ya wanafamilia walikuwa na shida kubwa ya kusema. Ndugu wa tumbo moja, meza moja, Kiingereza kilekile: huyu anasema, yule hawezi. Mwaka 2001 timu ya watafiti, wakiwemo Anthony Monaco na Simon Fisher, ilitangaza jeni iliyohusika, FOXP2. Magazeti yalishangilia "jeni ya lugha". Furaha hiyo ilikuwa na haraka. Faraneh Vargha-Khadem na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 1995 kwamba shida ya familia ile haikuwa sarufi peke yake. Hata kuuendesha mdomo na ulimi kuliwawia vigumu. Na watoto wengi wenye ulemavu wa lugha hawana hitilafu yoyote kwenye FOXP2. Kwa wengi wao, kinachorithiwa ni jeni nyingi ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo. Hakuna jeni moja ya kuipeleka mahakamani, kama ambavyo hakuna mama mmoja.

Hapa namkumbuka bibi yeyote wa pwani au bara ambaye, akiletewa mjukuu asiyesema, hutikisa kichwa na kusema: "Mwacheni. Hata baba yake alichelewa." Tunamcheka kwamba anapuuza. Ukweli ni kwamba katika chumba kile yeye peke yake ndiye aliyetoa taarifa yenye thamani ya kisayansi. Historia ya ukoo ni miongoni mwa maswali ya kwanza ambayo mtafiti wa sababu huuliza, na bibi kaijibu kabla hajaulizwa. Kosa liko katika neno "mwacheni". Kama baba alichelewa, hiyo ni sababu ya kumwangalia mtoto mapema zaidi. Lakini hakuna anayeyaandika maneno ya bibi, kwa sababu tunaye wa kumlaumu tayari.

Najua kuna msomaji anayesema moyoni: lakini mazingira nayo yana nguvu, utafiti umesema. Umesema, tuutazame. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walichapisha kitabu kuhusu familia za Kansas, Marekani, ambamo walikadiria kwamba mtoto wa familia maskini anafika umri wa miaka mitatu au minne akiwa amesikia maneno milioni 30 pungufu ya mtoto wa familia ya wasomi. Namba hiyo imesafiri dunia nzima. Imefika hadi kwenye semina za malezi mijini kwetu. Ambacho hakikusafiri nayo ni kwamba familia zote zilikuwa 42, na zilizokuwa zikiishi kwa msaada wa serikali zilikuwa sita. Sita! Juu ya migongo ya familia sita tumejenga somo la kumwambia kila mama maskini kwamba umaskini wake umemziba mtoto mdomo.

Linganisha na Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia. Watafiti waliorekodi mazungumzo ya nyumbani kwao walikuta kwamba mtoto mdogo huzungumzishwa yeye mwenyewe kwa chini ya dakika moja katika kila saa ya mchana. Kwa kipimo cha semina zetu, kabila zima lingekuwa limenyamaza. Watoto wao wanakua na kusema Kitsimane. Nani kati yetu aliyelelewa uani, katikati ya shangazi, wapangaji na watoto wa jirani, atashangaa? Wengi wetu hatukusomewa kitabu kitandani. Tulisikia watu wakigombana, wakitaniana na wakihesabu chenji, na tukajifunza.

Sisemi kuzungumza na mtoto ni kazi bure. Mzungumzishe, mtolee hadithi, mjibu maswali yake hata ya mia. Mtoto mwenye shida ya lugha anayahitaji hayo kuliko mwenzake. Ila kinachomsaidia mtoto kuinuka huenda hakihusiani na kilichomwangusha. Gongo la mlemavu humsaidia kutembea. Hakuna anayesema mguu wake uliumia kwa kukosa gongo.

Na simu, kipenzi cha mabaraza? Kweli, watoto wanaokaa sana mbele ya skrini mara nyingi wana maneno machache. Lakini jiulize kipi kilitangulia. Mtoto asiyeelewa maneno huchoka haraka na michezo ya maneno, hulia, hupigana na wenzake, na mama aliyechoka humpa kile kinachomtuliza. Kuona vitu viwili vikitembea pamoja hakukuambii kipi kimemshika mwenzake mkono.

Historia ya lawama za namna hii tunayo, tena imeandikwa. Katikati ya karne iliyopita, wataalamu wengi wa Marekani waliamini kwamba usonji unaletwa na akina mama wenye moyo wa barafu, wasiowapenda watoto wao vya kutosha. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima cha kuitetea fikra hiyo na kikasomwa sana. Akina mama waliambiwa na madaktari, uso kwa uso, kwamba baridi yao ndiyo iliyomfungia mtoto ndani. Walitolewaje kwenye kizimba kile? Wazazi wenyewe walipaza sauti; mwanasaikolojia Bernard Rimland, aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu cha kupinga mwaka 1964. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha ulioonyesha kwamba urithi una nguvu kubwa. Huruma peke yake isingetosha. Watu walikuwa wakiwahurumia akina mama wale huku wakiendelea kuwalaumu. Kilichohitajika ni mtu aende akatafute sababu ya kweli.

Ndiyo maana nakereka ninapoambiwa kwamba utafiti wa sababu ni anasa ya matajiri, kwamba nchi zetu zinahitaji tiba kwanza. Tiba bila sababu tunazo tele. Kukata kimeo ni tiba: mtoto anafunguliwa kinywa, kile kinyama cha nyuma ya koo kinakatwa kwa kifaa ambacho hujui kimemkata nani jana, na anarudishwa nyumbani akivuja damu na akiwa na maneno yaleyale mawili. Kafara ni tiba. Talaka nayo, kwa baadhi ya wanaume, ni tiba. Na iko tiba moja inayotolewa na watu waliosoma, wenye koti jeupe au chaki mkononi, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi: "Acheni kilugha nyumbani, mnamchanganya mtoto."

Mwaka jana, katika wilaya moja ya Tanga, nilikaa kibarazani na mama mmoja mwenye mtoto wa kiume wa miaka mitano. Nyumbani kwao wanasema Kizigua. Kituo kimoja walichompeleka mtoto, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimewaagiza wabaki na Kiswahili tu. Mama akatii. Tatizo ni kwamba yeye hushinda shambani na sokoni, na anayeshinda na mtoto ni bibi yake, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na bei. Nilipomwamkia bibi alinijibu kwa Kizigua, kisha akasema kitu kilichomfanya binti yake ainamishe kichwa. Nikaomba nitafsiriwe. Bibi alikuwa amesema: "Waliniambia mtoto ni bubu, nikae kimya apone. Sasa mabubu tuko wawili."

Mtoto mwenye uhaba wa maneno alikuwa amepunguziwa mtu wa kusema naye. Na kwa msingi gani? Mwaka 2003 Johanne Paradis na wenzake nchini Kanada waliwalinganisha watoto wenye ulemavu wa lugha waliokua na Kifaransa na Kiingereza pamoja, na wenye ulemavu huohuo waliokua na lugha moja tu. Wenye lugha mbili hawakuwa na hali mbaya zaidi. Nasi tulihitaji kwenda Kanada kulijua hilo? Tunaishi katika sehemu ya dunia ambapo mtoto wa kawaida kabisa anakua na Kisukuma cha nyumbani, Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha darasani. Kama lugha mbili zingekuwa zinaziba watoto midomo, Kariakoo pangekuwa kimya.

Yule mama alinisindikiza hadi njiani. "Dada," akasema, "wewe uliyesoma, niambie. Ni mimi?"

"Siyo wewe, dada," nikamwambia. "Na mruhusu mama aseme na mjukuu wake. Aseme naye Kizigua mpaka achoke."

Alicheka kidogo. Sikuwa na la ziada la kumpa, na hapo ndipo hasira yangu inapoanza, maana lilipaswa kuwepo.

Sababu zetu sisi hazikai kwenye damu tu. Kuna watoto wanaozaliwa wakiwa na kila kilichohitajika, kisha kikachukuliwa. Chukua malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Kampala: miaka miwili baada ya watoto kupona malaria ya ubongo, asilimia 26.3 walikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, wakati kwa watoto wengine wa jamii ileile ilikuwa asilimia 7.6. Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha pwani ya Kenya, watafiti kama Julie Carter na Charles Newton wamefuatilia hasa lugha ya watoto walionusurika malaria kali, na wakakuta kwamba baadhi yao hubaki na ulemavu wa lugha miaka mingi baada ya homa kusahaulika. Hospitali imeandika "amepona" na kufunga faili. Anaanza shule, anashindwa, na hakuna anayeunganisha mwaka huu na usiku ule wa degedege.

Neno lenyewe, degedege, lina historia yake. Wapo wanaolihusisha na ndege au mdudu wa usiku anayempitia mtoto, na kwa miaka mingi wazazi walimkimbiza mtoto kwa mganga kwanza kwa imani kwamba sindano ingemuua. Tunapenda kuzisimulia imani hizi kwa kicheko cha wasomi. Lakini mzazi anayesema "alikuwa anasema vizuri, akapata degedege, maneno yakapotea" ametoa maelezo sahihi ya mfuatano wa matukio. Amekosea jina la mdudu tu, na hata hapo hakukosea sana: mdudu wa usiku yupo, naye ni mbu. Chandarua kilichotundikwa vizuri kinaweza kuokoa maneno ya mtoto kuliko semina kumi kuhusu katuni.

Orodha inaendelea, na haina utukufu. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa. Mtoto mchanga aliyegeuka manjano, nyumbani wakasubiri jua la asubuhi limponye, manjano ikazidi hadi kuharibu njia ya usikivu. Homa ya uti wa mgongo. Sikio linalotoa usaha mwezi baada ya mwezi, likifutwa kwa pamba. Mtoto asiyesikia vizuri hatasema vizuri, hata mama yake awe malenga. Na mtoto aliyezaliwa kiziwi hana ulemavu wa lugha hata kidogo. Ana lugha inayomsubiri, ya alama, na sisi tunamcheleweshea kwa kusubiri siku atakapoanza kusema.

Mambo haya yote yanaweza kukingwa, kutibiwa au kutambuliwa mapema. Mengine yanahitaji shime sikioni, mengine walimu wa lugha ya alama, mengine mtaalamu wa tiba ya usemi. Ndiyo faida ya sababu: kila moja inakupeleka kwenye mlango wake. Lawama ina mlango mmoja tu, na umefungwa kwa nje.

Lakini kuna deni jingine, na hili nawadai wenzangu wa idara za lugha, sio za tiba. Ili useme mtoto huyu ana tatizo, sharti ujue mtoto asiye na tatizo anasemaje katika umri ule, katika lugha ile. Mwaka 2016 na 2017 jopo la wataalamu lilikubaliana namna ya kuyatambua na kuyaita matatizo haya. Ilikuwa kazi kubwa na njema. Wataalamu 59 walioanza nayo walitoka nchi sita, zote za Kiingereza, na waandaaji walisema wazi kwamba wanajifunga kwenye Kiingereza kwa sababu lugha hutofautiana. Walijua mpaka wao. Sisi ndio tunaouvuka mpaka huo bila pasipoti: tunachukua kipimo cha Kiingereza, tunakitafsiri wikendi, Jumatatu tunampima mtoto.

Uone ubaya wake. Mwaka 1958 Jean Berko alibuni jaribio maarufu. Mtoto anaonyeshwa picha ya kiumbe wa kubuni, anaambiwa huyu ni "wug", sasa wako wawili, ni nani hawa? Mtoto wa Kiingereza anayejua sarufi yake ataongeza sauti ya mwisho: "wugs". Asipoongeza, anakosa alama. Tafsiri jaribio hilo. Huyu ni dupi. Sasa wako wawili. Hawa ni...? Mtoto wa Kiswahili anajibu "dupi", na yuko sahihi kabisa, kama paka mmoja na paka wawili, simba mmoja na simba wawili. Kwenye karatasi iliyotafsiriwa anapata sifuri. Sarufi yake haiko mahali jaribio linapoitafuta. Iko kwenye "wawili", kwenye "wale", kwenye "wanaruka". Mbadilishie mnyama jina, mwite kidupi, na mtoto huyohuyo huenda akakwambia "vidupi wawili", kama tunavyosema viboko wawili, akionyesha kwamba anajua umbo la neno linadai kitu kimoja na uhai wa mnyama unadai kingine. Hiyo ni sarufi nzito kwa mtu asiyejua kufunga kamba za viatu.

Kinyume chake pia hutokea. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005, aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi na kuonyesha kwamba mtoto anayejifunza Kiswahili hupitia kipindi cha kudondosha viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Na watu wazima waliomzunguka nao hudondosha baadhi. Anayesoma kwa jicho la kitabu cha shule ataita kasoro kile ambacho ni hatua ya kawaida. Kilifi, Katie Alcock, Amina Abubakar na wenzao wameandaa orodha za maneno ya mtoto kwa Kigiriama na Kiswahili, mzazi akiulizwa kwa mdomo bila kulazimika kusoma. Kwa hiyo inawezekana. Lakini hiyo ni Kilifi. Iko wapi ya Kisukuma, lugha ya mamilioni? Ya Kinyamwezi, ya Kimakonde? Nimepita kwenye rafu za tasnifu, nimeona vitenzi vya lugha zetu vikichambuliwa hadi mfupa, na karibu vyote vimetoka kinywani mwa mtu mzima. Tumeandika sarufi ya wazee. Ya watoto tumewaachia mama zao, kisha tunawauliza kwa nini hawajui kama mtoto amechelewa.

Wataalamu wa tiba ya usemi nao ni wachache mno kwa watu wetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na hiyo ni juzi. Siwezi kuwaongeza kwa makala. Ila kuna jambo lisilosubiri bajeti, nalo ni maswali tunayouliza. Mtoto asiyesema akiletwa kwako, uwe mwalimu, muuguzi, shangazi au jirani mwenye maoni, liache swali la mama yake hufanya nini mchana. Uliza haya matano.

Anasikia? Alilia alipozaliwa? Aliwahi kupata degedege au homa iliyompoteza fahamu? Nani mwingine katika ukoo, wa baba na wa mama, alichelewa kusema? Na nyumbani mnasema lugha gani, naye anasemaje katika lugha hiyo?

Yaandike majibu. Uandike na ya bibi.